Rafiki Aliyesema Hanijui

Lori la mgambo lilisimama mbele ya kibaraza nilichokuwa nikishonea, Kariakoo, mitaa miwili kutoka sokoni. Miaka ile ya Ujamaa, mtu asiyekuwa na kitambulisho cha kazi mjini aliitwa mzururaji, na wazururaji walikamatwa wakapelekwa vijijini kulima. Mimi nilitoka Kilimanjaro. Cherehani nilikuwa nayo, ya kukodi, ila kitambulisho sikuwa nacho.

"Ndugu, kitambulisho," akasema mgambo.

Nikamwambia mimi fundi, kazi yangu ndiyo hii. Akakitazama kitenge kilichokuwa chini ya sindano kana kwamba nimekiiba.

"Nani anakujua hapa?"

Nikapata nguvu kidogo, maana aliyesimama pembeni yangu alikuwa rafiki yangu, karani wa ofisi ya umma, amekuja kujaribu gauni. Kila Alhamisi jioni tulikaa benchi moja kanisani, kwenye darasa la Biblia, tukisoma Biblia yake vichwa vimekaribiana.

"Huyu dada ananijua."

Mgambo akamgeukia. Rafiki yangu akawatazama wanawake waliokwisha kupakiwa kwenye lori.

"Simjui," akasema. "Nimeleta nguo tu."

Nikapandishwa kwenye lori. Kituoni tulikalishwa chini uani, juani. Mama mmoja alisema tutapelekwa kwenye mashamba ya mkonge, mwingine akaanza kulia. Mwalimu wetu wa darasa la Biblia alikuwa ametufundisha kwamba Wakristo wa kwanza, walipotupwa kwa wanyama wakali, waliingia wakiimba. Nilijaribu kuimba moyoni. Lakini nilichotaka ni choo tu.

Alasiri akatokea mama mwenye nyumba wangu, Mwislamu wa Kilwa, buibui limemteleza kichwani, akiwa na balozi wetu wa nyumba kumi.

"Huyo ni mpangaji wangu!" akapaza sauti. "Hili gauni nililovaa kanishonea yeye!"

Balozi akanidhamini, wakaniachia. Njiani mama akaniambia, "Rafiki yako ndiye aliyekuja kuniita. Alikuja mbio, analia, hata kuongea hawezi."

Tangu siku hiyo nilishona chumbani, mlango nimeurudisha.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda darasani kwa kujilazimisha. Yeye alikuwa amekaa mwisho kabisa wa benchi. Mwalimu, mchungaji mstaafu, alikuwa akieleza namna watawala wa Kirumi walivyowaamuru Wakristo waifukizie miungu uvumba. Wengine walikataa wakafungwa. Wengine walifukiza, wakanusurika, kisha amani iliporudi wakaja kanisani wakiomba kupokelewa. Kanisa likagawanyika kwa ajili yao, likabishana mno, mwisho wengi wakakubaliana kwamba watubu, warudishwe.

Nikanyoosha mkono. "Shikamoo mwalimu. Na wale waliotoka gerezani, waliwezaje kukaa tena na wale waliofukiza?"

"Marahaba." Akavua miwani. "Sijui, mwanangu. Nadhani wengine walikaa wakiogopana."

Tulipotoka, rafiki yangu alinisubiri getini.

"Dada, nilipoliona lile lori nilidhani nikikutetea watanipakia na mimi, nikawaona wanangu wamebaki peke yao. Mdomo ukasema wenyewe."

Nilitaka kumwambia maneno makali, nilikuwa nimeyaandaa. Yakaniishia. Nilikuwa nimejiuliza siku zote zile: ningekuwa na kazi ya ofisi na watoto, halafu mgambo akanigeukia mimi, ningesema nini? Kila nilipojaribu kujibu nilipatwa na hofu kubwa kuliko ile ya kituoni. Zamani nilipomsoma Petro akimkana Bwana pale kwenye moto uani, nilimdharau. Sasa nilishindwa kuusoma ukurasa ule hadi mwisho.

"Hata mimi naogopa," nikamwambia.

Jumapili tulipiga magoti pamoja kwenye Meza ya Bwana. Sikuwa nimemaliza kumsamehe, na mchungaji alipokuwa akitukaribia na kikombe niliogopa kwamba napokea isivyostahili. Nilitaka kuinuka niondoke. Bega lake lilikuwa limegusa langu, linatetemeka kama langu. Nikabaki, nikapokea.