Kiwanja Kisicho na Madini

Tangu Mama Marlène ahame Kasulo, wanaume wa mtaa ule hawachomekei tena mashati. Zamani mtu aliweza kutoka sokoni shati likipepea, lakini akikaribia lango la shule ya Mama, mkono ulijipeleka wenyewe kwenye mkanda. Ni watu wa miaka hamsini ninaowasema, wenye wajukuu. Siku hizi wanapita pale jinsi walivyo. Hakuna anayewatazama juu ya miwani kutoka barazani na kuuliza kwa upole, "Gaston, mwanangu, unatoka ku vita?" Lango limebaki, ukuta umebaki kipande, na anayepita hana wa kumsalimu.

Alizaliwa Jérémie, mji wa pwani huko Haiti. Alikuja Kongo miaka michache baada ya uhuru, msichana wa miaka ishirini na ushei, pamoja na walimu wengine wa Haiti walioitwa kuziba nafasi za Wabelgiji. Wenzake wengi walirudi au walikwenda Kanada. Yeye aliolewa na karani wa reli, mtu wa Kapanga, akamzika hapa hapa Kolwezi, na baada ya mazishi yale hakuna aliyethubutu tena kumuuliza atarudi lini kwao. Alifundisha, akawa mkuu wa shule, kisha inspekta wa shule za msingi. Kwa kazi hiyo alifika hadi Musumba, makao ya mfalme wa Walunda, juu ya malori, katikati ya mvua, ameketi juu ya magunia ya mihogo. Lori likikwama, wengine walilaani barabara. Yeye aliwafundisha abiria wenzake kusoma maandishi yaliyo kwenye matairi. Kiswahili chake kilikuwa cha Katanga kabisa, ila alipokasirika maneno ya Haiti yalimponyoka, na wanafunzi waliamini ni Kilunda cha zamani.

Alipostaafu hakupumzika. Alifungua shule ndogo Kasulo, madarasa ya matofali yenye sakafu ya saruji. Kila asubuhi, kabla ya somo, watoto walilaza vichwa juu ya meza na kufumba macho mpaka wote wapumue taratibu. Alisema mtoto anayeingia na kelele za nyumbani haoni ubao. Na kelele zilikuwa nyingi, maana mwaka ule watu wa Kasulo waligundua kwamba chini ya nyumba zao mna kobalti. Walipasua saruji za sebule zao, wakazama ardhini.

Asubuhi moja, darasa la tatu likiwa kimya, alisikia mdundo chini ya viatu vyake. Chuma juu ya jiwe.

Akawatoa watoto, wakasomea uani. Kisha akaenda nyumba ya pili, kwa Kyungu, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sebuleni mwake mlikuwa na shimo na wachimbaji waliomfanyia kazi. Kyungu alimpa kiti, akachomekea shati, na akamkatalia kwa heshima yote. Watu wake, alisema, walikuwa wakifuata mshipa wa jiwe, na mshipa ulielekea barabarani. Tangu siku ya kwanza aliwakataza upande wa shule. Hakuwa akidanganya. Yeye hakushuka chini, alikaa juu akipokea magunia, na kule gizani kona chache zinatosha kumfanya mtu asijue tena barabara iko wapi.

Kufunga shule kungekuwa rahisi. Lakini Mama Marlène alijua watoto wakikosa darasa watakwenda mtoni kuosha mawe, au watashuka mashimoni na baba zao. Alitaka wabaki na shule, na shule ikae juu ya ardhi isiyo na uvungu. Basi alimwita Kyungu kama anavyoitwa mzazi wa mtoto mtundu, akamwingiza peke yake katika lile darasa tupu, akamketisha kwenye benchi la mbele, magoti yakimfika kifuani.

"Laza kichwa, Kyungu."

"Mama, mi niko mutu mukubwa."

"Laza kichwa."

Akalaza. Kwa muda alikuwako nzi tu dirishani. Kisha chuma kikagonga, kikagonga tena, chini kabisa ya miguu yake, na juu ya mdundo ule ikapanda sauti ya mwanamume akiimba wimbo wa mapenzi, vibaya na kwa furaha.

Kyungu hakuinua kichwa. "Ni Dodo," alisema. "Kila siku anaharibishaka ule wimbo."

"Na hapo penye umeikala, ni kiti ya nani?"

"Ya Shekina." Shekina ni binti yake.

Kazi ilisimama siku ile ile. Wachimbaji walirudisha udongo ndani gunia kwa gunia, na Dodo alikuja mwenyewe kuomba msamaha, kofia mkononi. Mama Marlène alimsamehe shimo, wimbo hakumsamehe. Lakini alijua kesho nyumba nyingine itaanza kuchimba kutoka upande mwingine. Shule ilibidi ihame.

Akavaa tena suti yake ya kijivu ya uinspekta, akaanza kupanda ngazi za ofisi. Makarani aliowafundisha walisimama alipoingia, wakamwonyesha viwanja. Kwenye kila kiwanja alikwenda na Kyungu, na Dodo akibeba koleo. Mjini kwetu mtu akipewa kiwanja huchimba kwanza shimo la kujaribu, akiomba aone rangi ya madini. Yeye aliomba asione. Kwenye kiwanja cha kwanza Dodo alitoka na jiwe la kijani, rangi ya shaba, meno yote nje, amesahau kabisa kilichowaleta. Mama Marlène akageuka, akaenda zake. Kwenye cha pili jiwe lilikuwa jeusi, rangi ya kobalti. Kyungu alilipima mkononi kwa muda mrefu, akatazama mbali, kisha akalirudisha shimoni na kumwambia Dodo afukie.

"Mama," alisema wakirudi, "mu Kolwezi muzima, ni weye tu unakimbiaka mali."

"Mi nilikuya juu ya batoto," akamjibu. "Shaba niliikuta."

Cha tatu kilikuwa njia ya Nzilo, kupita nyumba za mwisho. Hakuna kivuli, maji yako mbali, na karani alikitaja kwa aibu. Dodo alichimba hadi kichwa chake kikatoweka, akachimba tena. Koleo likanyamaza.

"Hamuna kitu, Mama," akasema kutoka ndani, kwa sauti ya mtu anayetoa pole. "Ni bulongo tu."

"Angalia muzuri, Dodo."

"Nimeangalia. Bulongo tupu."

Mama Marlène akaketi juu ya rundo la udongo ule, na suti yake, akacheka mpaka akavua miwani afute macho. Alisema neno la Haiti ambalo hakuna aliyemwomba kulitafsiri.

Misingi ilichimbwa na watu wa Kyungu. Hawakuzoea kuchimba kwa kina kidogo hivyo, na ilibidi Mama awasimamishe mara mbili. Watoto walihamia kabla ya mvua, Shekina akiwa miongoni mwao.

Mama Marlène sasa amepita miaka themanini. Anakaa katika vyumba viwili nyuma ya shule hiyo, njia ya Nzilo, na asubuhi anafundisha darasa la kwanza.