Siku Moja Niliyomnyima

Juzi nikiwa sokoni Kibondo nanunua maharage, nilipigiwa simu kwamba dada mmoja niliyewahi kufanya naye utafiti amefariki, na amekwisha kuzikwa kwao Heru Juu. Hakuna aliyekumbuka kuniarifu mapema, na sina haki ya kulalamika. Msomaji wangu, leo sina hekima ya kukugawia. Nina aibu tu.

Kabla ya uandishi nilikuwa mtaalamu wa maji. Yeye alikuwa mtaalamu wa mambo ya jamii, tukapangwa timu moja kuchunguza chemchemi za vijiji vya Kasulu. Siku ya kwanza alitoa wazo kwamba kila mmoja amfuate mwenzake kazini kwa siku moja. Alianza yeye, akanibebea chupa za sampuli kutwa nzima, akiuliza maswali mpaka nikachoka. Zamu yangu ilipofika nikamwambia, "Dada, mimi sikusomea kupiga soga na akina mama." Akacheka kidogo. "Haya kaka. Basi walau soma daftari langu." Nililifanya pa kuwekea kikombe cha chai.

Chemchemi ya kijijini kwao ilikuwa inanuka, na vipimo vyangu vilionyesha maji hayafai. Yeye alikuwa Kigoma mjini akimuuguza mama yake, nami nikaandika ifungwe. Ikafungwa. Karibu kiangazi chote akina mama walipanda na kushuka kilima kufuata maji ya mbali, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Aliporudi alinifungulia daftari lile lile, ukurasa wa tatu: hatua chache juu ya chemchemi ndipo walipoloweka mihogo ya udaga, unga wa ugali wao, na maji yake yalichuruzika hadi pale. Ingetosha kuhamisha mashimo ya kulowekea.

Kwenye mkutano wa kijiji bibi mmoja alimgeukia yeye, maana ndiye mtoto wa pale. "Mwanangu, udaga huu umekukuza. Ulishindwa kuwaambia wenzako?"

"Mtusamehe, bibi. Tulikosea."

Nilikuwa nimekaa kando yake. Niliinamia makaratasi yangu, nikajifanya natafuta kitu.

Siku hizi kwenye warsha watu wa udongo, wa afya na wa uchumi wanahimizwa kushirikiana, na wote wanaitikia kwa vichwa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini ushirikiano hauanzi kwenye orodha ya majina juu ya ripoti. Huanza pale unapokubali kutwa moja kumbebea mwenzako chupa, ukauliza maswali ya mjinga.

Kesho nitapanda basi hadi Kasulu, kisha bodaboda kwenda Heru Juu kuhani. Kabla sijakaribishwa kiti nitamtafuta yule bibi, nimwambie mwanawe alituambia, tena kwa maandishi, na asiyesoma nilikuwa mimi.