Mgongo wa Mkwe

Hadi leo nikipita nje ya ile mahakama pale mjini natema mate. Majirani zangu wa Utemini wamezoea, wanasema fundi cherehani wao ana kichaa chake. Waseme.

Dada yangu aliuawa jikoni kwake, Unyambwa, jua likiwa bado linawaka. Alipigwa na mchi wa kutwangia. Mama alikuwa anampelekea mlenda, akasikia ukelele, akakimbia, na alipofika kwenye kona ya ua akamwona mkwe wake anatoka jikoni na kuingia shambani kwenye alizeti. Ndani akamkuta mwanawe sakafuni. Mwanamume yule alipokamatwa alisema siku hiyo alikuwa Iguguno, ananunua alizeti, na mlevi mwenzake akaja kuapa kwamba walikuwa wote. Basi kesi nzima ikamlalia mama. Akiaminiwa, muuaji anafungwa. Asipoaminiwa, muuaji anarudi nyumbani. Watoto wa marehemu tukawapeleka kwa mama, na yule wa mwisho, wa kike, hata kutembea alikuwa hajajua vizuri.

Sasa, kwetu mama na mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mkwe anaacha njia na kugeuka, mama anashusha kanga usoni, wanasalimiana hivyo hivyo, kila mtu na upande wake. Si ugomvi, ni heshima. Dada aliolewa, akazaa, wakubwa wakaanza shule, na muda wote huo mama hakujua mkwe wake ana sura gani. Nilikuwa namtania, "Mama, siku wakikubadilishia mkwe hutajua!" Ananikemea, "Hebu nyamaza, huna adabu wewe."

Koplo aliyepeleleza kesi alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu kutoka mbali. Sikatai, alikuwa na adabu. Kila akimwona mama ni shikamoo. Siku moja alimwita kituoni, uani wakapangwa wanaume mstari mmoja, mama akaambiwa apite mbele yao amguse bega yule aliyemwona. Mimi nilizuiwa nje. Haukupita muda mama akatoka.

"Yumo?" nikamuuliza.

"Yumo. Nimemwona nilipoingia tu, wakiwa bado wanakwenda kujipanga."

Nikamshukuru Mungu, tukarudi nyumbani tumetulia kabisa.

Kumbe! Mahakamani koplo alisimama, akaapa, akaulizwa kuhusu lile gwaride la utambuzi. Akasema shahidi alipoingia alijifunika kanga usoni, akawapa mgongo wanaume wote, hakumgusa hata mmoja. Alimsubiri, hakugeuka. Kwa hiyo aliona shahidi ameshindwa kumtambua mshtakiwa.

Ameshindwa! Jamani, mama aligeuka kwa sababu alimwona. Angekuwa hayumo, angewakagua wale wanaume wote kama anayechagua mbuzi mnadani. Damu ilinichemka, nikasimama, nikapiga kelele, "Muulizeni kwa nini aligeuka!" Askari akanidaka mkono. Jaji akasema nikifungua mdomo tena nitatolewa nje. Nikakaa. Wakili wa Serikali, ambaye ndiye aliyepaswa kuuliza, alikuwa anapekua karatasi zake.

Kisha wakamwita mama, ambaye alikuwa nje na hakuwa amesikia neno. Wakili wa utetezi alikuwa kijana mwenye sauti laini, na alikuwa amejiandaa.

"Mama, umewahi kumtazama mkwe wako usoni?"

"Hata siku moja, mwanangu." Mama alijibu kwa fahari, kana kwamba ameulizwa kama amelelewa vizuri.

"Hata leo, humu ndani?"

"Nitamtazamaje mkwe wangu mbele za watu?"

Watu wakacheka. Mungu anisamehe, niliwalaani wote.

"Sasa siku ile ulimtambuaje?"

"Kwa mgongo. Bega lake moja limelala akitembea. Miaka yote ndio upande anaonipa, ninaujua kuliko wewe unavyomjua mkeo."

Yule kijana akatabasamu, akasema hana swali lingine. Wakili wa Serikali ndipo akazinduka, akamwomba mama amwonyeshe mshtakiwa kwa kidole. Mama akageukia ukutani, akashusha kanga, akanyoosha mkono nyuma yake bila kuangalia. Kidole kikamwangukia askari magereza aliyesimama pembeni ya kizimba. Wakacheka tena.

Jaji alisoma hukumu kwa Kiswahili kizuri sana. Shaka ni kubwa, mgongo hautoshi, mshtakiwa yuko huru. Mama akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia. Akaniuliza tena, nikamwambia tena. Sijui nimchukie nani, koplo, mawakili au hizo mila zetu, kwa hiyo nawachukia wote kwa zamu.

Baada ya mavuno tulikuwa tunatoka sokoni, mama na mimi, tukamwona anakuja mbele yetu. Niliujua mwendo ule, bega limelala. Alipotukaribia aliacha njia kama kawaida, akatupa mgongo.

"Shikamoo mama."

Wee! Amemuua mtoto wa watu, halafu anaheshimu mkwe! Nilitafuta jiwe chini. Lakini mama hakuitikia wala hakushusha kanga. Aliivua kichwani, akajifunga kiunoni, akatoka njiani, akamzunguka hadi mbele. Yule bwana akageuka upande wa pili. Mama akamzunguka tena. Wapita njia walisimama midomo wazi, na wazee wawili wakaziba macho kwa aibu. Mwishoni yule mtu alichoka kugeuka, akabaki ameinamisha macho, na mama akamtazama usoni mpaka aliporidhika. Akarudi njiani, tukaondoka.

Njiani nikadhani labda moyo wake umepoa, maana mimi wangu ulipoa kidogo. Tulipofika nyumbani yule mjukuu wa mwisho, ambaye sasa anakimbia, alitoka mbio kutupokea, mikono juu, anacheka.

Mama alisimama, akamwangalia kwa muda mrefu.

"Kumbe ni uso huu huu," akasema.

Kisha akafungua kanga kiunoni, akaishusha usoni, akageuka.