Kitanda cha Mwandishi

Usharika wetu wa Sekei ulipoandaa safari ya wazee, tulipanda Meru kuitazama nyumba ya mwandishi ambaye vitabu vyake tulivisoma tukiwa shuleni. Yeye ameshafariki. Mwanawe wa kwanza ameifanya nyumba kuwa mahali pa wageni. Namshukuru Mungu kwamba miguu yangu bado inapanda.

Mwana alitupa shikamoo mmoja mmoja, akatuonyesha meza, miwani, koti, kisha chumba cha kulala. Mlangoni ilifungwa kamba tusiingie.

"Hapa alilala peke yake," akasema. "Marehemu alipenda upweke. Vitabu vilitokana na huo upweke."

"Na wewe ulitokana na nini?" mzee mwenzangu akauliza.

Tulicheka. Mwana hakucheka.

Mjane wa marehemu nilimkuta nyuma, kwenye jiko la kuni lililopakana na zizi la ng'ombe. Alikuwa ameketi juu ya godoro jembamba lililowekwa sakafuni.

"Silali tena nyumbani, nalala hapa," aliniambia. "Baridi ya Julai inaniua, mzee. Kwenye kile kitanda nimezaa watoto wangu wote. Mwambie mwanangu anirudishe. Wewe ni mzee wa kanisa, atakusikiliza."

Nilimvuta mwana pembeni, kwenye migomba, nikamwambia. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mzee wangu, watu hawapandi mlima huu kuja kumtazama bibi amelala."

Kwetu, mgeni mwenye umri mkubwa kuliko wote ndiye hufunga kwa sala kabla ya kuondoka, na hakuna anayethubutu kuikatiza. Siku hiyo mkubwa nilikuwa mimi. Nikaona Bwana amenifungulia njia. Tulisimama uani, mama akaitwa. Nilishukuru kwa chai na kwa ndizi, kisha nikaomba wazi, mbele ya wote, mama huyu alale kitandani usiku ule ule, na moyo wa mwanawe ulainike. Mwana aliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko sisi sote. Mama alikuwa analia. Nilishuka mlima nikiimba.

Mwezi haukuisha, yule mama akaniita. Hakuwa Meru tena. Alikuwa Ngarenaro, katika chumba cha kupanga nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mwana alimshusha mjini asubuhi iliyofuata ile sala, akamlipia chumba hicho.

"Alisema, 'Mama, umenishtaki kwa wageni. Umeombewa kitanda, basi utapata kitanda.'"

Na kweli alilala kitandani, kipya, godoro likiwa bado ndani ya nailoni yake, likitoa sauti kila alipogeuka. Kaburi la mumewe liko kule juu, migombani. Hajui nani analifagia.

Nilimuuliza kama tusali. Alitazama mlango kwanza.

"Sali kimoyomoyo," akasema. "Chumba hiki nacho ni chake."