Kidari cha Meku

Kuna Jumapili moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na nakuhadithia kwa sababu nimesikia unataka kumtaja mtu kwa kosa lake kwenye grupu la ukoo la WhatsApp. Ngoja kwanza. Msogeze huyo paka ukae. Vitabu viache hapohapo alipovilalia. Vyote ni vya upelelezi, na vingine nimevirudia ingawa muuaji namjua.

Nilikuwa mke mpya, nimetoka Njoro mjini kuja kuolewa huku juu migombani. Ndani ya sanduku la nguo nilificha vitabu vyangu, nikivisoma ng'ombe akiwa anatafuna majani. Sasa, kwetu mbuzi akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe. Kidari katika nyumba ile kilikuwa cha Meku, babu wa mume wangu, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Kilitundikwa jikoni juu ya moshi kikauke taratibu. Jumapili hiyo tunarudi kutoka misani, kidari hakipo, kamba inaning'inia yenyewe.

Aliyeninyooshea kidole ni wifi yangu Anjela. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, akarudi kwao, na mdomo wake ulikuwa mkali siku zile.

"Tangu huyu wa mjini aje, ndipo vitu vimeanza kupotea," akasema mbele ya baba mkwe.

Yesu na Maria! Mke mpya kuitwa mdokozi, tena wa nyama ya mzee, ni kufungashiwa virago urudi kwenu. Mama yangu angeuweka wapi uso wake? Nililia nyuma ya zizi mpaka kamasi zikanitoka. Halafu nikajifuta, nikajiambia, aka, vitabu vyote vile nimevisoma vya nini?

Nikaanza kazi. Kamba haikukatwa wala kutafunwa, fundo lilifunguliwa kwa vidole. Kwenye samadi nikaona nzi wamejazana sehemu moja. Nikafukua kwa kijiti, mifupa hii hapa, imefungwa kwenye kipande cha kanga! Na kanga ile ile, sehemu iliyobaki, Anjela alikuwa amejifunga kichwani. Mwanangu, sijawahi kusikia utamu kama ule.

Jioni baba mkwe akatuita wote uani. Nikasimama na furushi langu la mifupa ndani ya kitenge, nikakohoa kama wapelelezi wangu wanavyokohoa. Kabla sijafungua mdomo, Meku, aliyekuwa amekaa na pombe yake ya mbege, akasema, "Paka amekula."

Baba mkwe akashangaa. "Baba, paka anafungua fundo?"

"Wa kwangu anafungua. Nyama ni yangu, na mimi nimeshasema. Kuna mwenye neno?"

Watu wakatawanyika, wengine wakicheka chinichini. Mimi nilibaki nimevimba kwa hasira, nikamfuata mzee wa watu mpaka migombani.

"Meku, mimi ushahidi ninao."

"Mke wangu," akasema, maana ndivyo alivyoniita kwa utani wa babu na mke wa mjukuu, "mifupa umeiona. Anavyotapika kila asubuhi hukumwona?"

Ndipo nikaelewa. Anjela alikuwa na mimba, mume hana, na hamu ya nyama ilimshinda.

"Ungemtaja pale mbele ya kaka zake," Meku akaendelea, "wangeuliza la nyama, halafu wangeuliza la tumbo. Leo angelala wapi? Wewe jina lako limeshakuwa safi. Mwachie na mwenzako njia ya kurudi."

Haikupita wiki. Nafungua mlango asubuhi, namkuta Anjela amesimama na jani la isale mkononi. Unajua mwenyewe, Mchaga akikuletea isale kuomba radhi, kukataa hakuna. Lakini hakutumwa na mtu, alikwenda kulikata mwenyewe. Nikalipokea, tukalia wote wawili kama watoto. Mtoto wake alizaliwa nikiwa nimemshika mkono. Na siku tulipomzika mume wangu, miguu iliponiishia nguvu pale kaburini, ni Anjela aliyenibeba.

Kitabuni, mpelelezi anawakusanya watu, anamtaja mwenye kosa, kurasa zinaisha. Hakuna anayekueleza kesho yake watu wale walikunywaje chai pamoja. Sisi ndio tunaoishi hiyo kesho. Kwa hiyo, mwanangu, asiye na hatia mtetee upesi, usimwache asingiziwe. Lakini mwenye kosa mfuate mwenyewe, mkae wawili, umwambie unachokijua, kisha umpe nafasi ya kujirudi. Watu tisini wa kwenye grupu hawahitaji kuwepo.

Mungu akupe macho makali na ulimi mzito. Na siku utakayokosa wewe, maana utakosa tu, akujalie mtu atakayekufungulia mlango.