Mama Aliyelinda Usingizi wa Watu

Mama yangu hakumroga mtu. Naanza na hilo, na asiyetaka kulisikia aache kusoma hapa hapa.

Jina lake ni Apolline. Alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, katika nyumba ya wafugaji, na shuleni hakukaa zaidi ya miaka miwili. Vita vilipoanza kuwakimbiza, walitembea usiku na kulala mchana, porini, wakipeana zamu: mmoja akae macho, wengine walale. Zamu ya mama ilikuwa ya saa sita, jua likiwa kali. Mara moja tu alisinzia, na walipoamka ng'ombe wawili hawakuwepo. Tangu siku ile akajiwekea sheria: mtu akilala mchana, mama hukaa kando yake mpaka aamke. Ndivyo alivyotulinda katika kambi ya wakimbizi ya Mugunga, chini ya hema ambalo hata mbuzi angelidharau. Kila baada ya muda alituinamia kuangalia kama tunapumua. Sisi wanawe tulizoea. Ukifumbua macho unaona uso wa mama karibu, unageukia upande wa pili, unaendelea kulala.

Kaka yangu Cyprien alipooa, alijenga nyumba ya mbao huko Lac Vert akamchukua mama akae naye. Mke wake, Christa, ni mchapakazi, simnyimi haki yake. Anaamka saa tisa za usiku kukanda unga, na saa kumi na mbili mandazi yake yako barabarani, yanauzwa yakiwa moto. Saa sita anarudi amechoka hoi, anajitupa kitandani chali. Christa alikulia mjini, hakuwahi kulala porini, na desturi ya kulinda anayelala haijui. Mama naye hakumweleza. Angeeleza nini? Kwake ilikuwa kama kumfunika mtoto shuka.

Basi mchana mmoja Christa aliamka, macho wazi, lakini hakuweza kuinua hata kidole. Kifua kizito kama kimekaliwa. Anataka kupiga kelele, sauti haitoki. Na juu yake ameinama mama mkwe, anamtazama. Jambo lile lilipita kwa muda mfupi, lakini wiki iliyofuata lilirudi, likarudi tena, na kila mara uso ni ule ule. Kusema kweli, ningekuwa mimi ningeogopa pia.

Cyprien alinipigia simu hapa mjini Kiwanja ninapouza maharagwe. Ilikuwa siku ya soko, nilikuwa napima, mteja ananigombeza. Nilisikiliza nusu tu. "Muende kwa maombi," nikasema, nikakata simu. Hiyo ndiyo sehemu yangu katika uovu huu, na bado sijajisamehe.

Wakaenda. Kuna nabii anaitwa Bienvenu, ana chumba cha maombi chenye bati jipya na vipaza sauti viwili. Bwana huyo hakumuuliza Christa anaamka saa ngapi. Hakuuliza analala muda gani. Aliuliza swali moja tu: "Unaonaka sura ya nani?"

Siku hiyo hiyo wakamleta mama. Akawekwa mle chumbani siku tatu, mchana na usiku, bila chakula na bila usingizi. Akisinzia, wanammwagia maji. Akisinzia tena, wanamwimbia sikioni. Siku ya tatu mama alianza kuona mbwa wakitembea ukutani, akawaona na wale ng'ombe wake wawili wamesimama mlangoni. Nabii hufundisha kwamba mchawi hutoka mwilini akiwa amelala, na hapo ndipo alipomuuliza anaenda wapi akilala. "Naendaka," mama akasema. Anamla nani? "Nakula bote." Wakapiga makofi! Cyprien alikuwepo, kaka yangu wa tumbo moja, amesimama na Biblia mkononi, naye akapiga makofi.

Nasema hivi, na nitalirudia popote: mnyime usingizi hakimu mwenyewe siku tatu, naye atakiri kwamba ndiye anayewasha volkano ya Nyiragongo.

Wakampakia kwenye pikipiki, mama wa miaka sabini, na mfuko mmoja wa nguo, aje kwangu. Nilidhani ataniletea hasira, tuwatukane pamoja, roho zitulie. Aliniletea kitu kibaya zaidi. Alikuwa ameamini.

Jioni ya kwanza alichana kitenge, akajifunga mguu kwenye mti wa kitanda kwa fundo la kufungia ndama.

"Mama, unafanya nini?"

"Nikilala, nitatoka. Nitaenda kukula batoto ya batu."

"Nani alikuambia?"

"Nilisema miye mwenyewe, na kinywa yangu. Batu yote ilisikia."

Na hakulala. Alikaa wima akiniangalia mimi niliyelala, maana kazi ya kulinda hakuisahau. Mchana usingizi ukimzidi nguvu kidogo, anashtuka, ananishika mkono. "Nimetoka?" Namwambia hakutoka, nilikuwa namtazama. Anavuta kitambaa kuona kama fundo lipo. Wiki kwa wiki alikonda mpaka pete ya ndoa ikamtoka kidoleni yenyewe.

Nilimpeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi, mzee mmoja asiye na haraka, alitueleza vizuri. Mtu akiota, mwili hujifunga wenyewe ili asiinuke akakimbia au akapiga watu. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguka, na hapo mtu hujiona amekaliwa kifuani. Huwapata hasa wasiolala vya kutosha, tena wakilala chali. Wazee waliita jinamizi, akasema, na halina uhusiano na mama mkwe wa mtu. Nilikaribia kulia kwa hasira. Maneno ya dakika tano! Dakika tano, na mama yangu alikuwa amepewa siku tatu.

Mama alimshukuru sana. Tulipofika nyumbani akajifunga mguu kama kawaida.

"Uyu muzee iko na akili," akasema, "lakini haikukuwa pale siku nilisema."

Miezi minne ikapita hivyo. Mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, Cyprien alipiga simu tukichambua maharagwe. Mikono ilikuwa na vumbi, nikaweka simu kwa sauti, mama akawa anasikia yote.

"Christa, ile kitu bado inamukamata," akasema.

"Na mama ameondoka miezi mine! Umeona sasa?"

Akasema, "Tulirudia kwa nabii. Akamuuliza tena sura. Joyeuse, safari hii ni yako. Jumanne, saa saba ya muchana, alikuona umemukalia juu ya kifua."

Mama aliinyakua simu.

"Bongo, ni uongo!" akapiga kelele. "Banadanganya! Jumanne Joyeuse alikuwa na malaria, alilala apa asubui mpaka jioni, nilikuwa nakaa kando yake. Hakutoka! Hata mukono hakuinua! Weye Cyprien, unaniambia nini miye? Miye nalinda batu mbele uzaliwe!"

Akaitupa simu kwenye maharagwe. Miezi minne sikuwahi kumwona amekasirika, na nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Nikamwacha apumue, kisha nikamuuliza. "Mama. Kule Lac Vert, Christa akilala muchana, weye ulikuwa wapi?"

"Kando yake. Namulinda."

"Na pale alifungua macho akaona sura yako?"

"Nilikuwa nainama, naangalia kama anapumua. Alikuwa anachoka sana ule mutoto."

"Ulikuwa unalala ao unalinda?"

Aliniangalia kama nimemtukana. "Mutu mwenye kulinda halalake," akasema. "Tangu ile siku ya ng'ombe, miye sijalala ata mara moja kwa zamu yangu."

Nilimwona anayarudia maneno yake mwenyewe, midomo ikicheza bila sauti. Akainuka, akaenda chumbani, akakaa kitandani. Kile kipande cha kitenge kilikuwa bado kinaning'inia kwenye mti wa kitanda kikisubiri usiku. Fundo la kwenye mti lilikuwa limekazwa miezi minne, vidole havikuliweza, akalifungua kwa meno.

"Joyeuse," akaita. "Nataka kulala kidogo. Utakaa?"

Nikachukua kiti. Ilikuwa saa sita, jua kali, maharagwe ya watu yamebaki uani bila mtu, na yeyote aliyetaka kuyaiba siku hiyo aliyapata. Mama alilala mpaka jioni bila kushtuka. Mara kwa mara nilimwinamia kuangalia kama anapumua.

Simu ililia mara tatu. Cyprien. Sikupokea. Nitamfuata yeye na nabii wake mchana kweupe, barabarani, mbele ya wanunuzi wa mandazi, na nitasema yote kwa sauti isiyohitaji vipaza sauti viwili. Lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kugombana. Zamu ilikuwa yangu.