Mikanda Myeusi ya Sajini Davidi

Uani tulikuwa hawa: baba yangu Ndahani, aliyerudi kutoka vita ya Burma, mama yangu Foibe, bibi Mbeleje, mzaa baba, baba mkubwa Chilongani, kaka yake baba wa tumbo moja, Mzee Malogo, jirani aliyetambikia mvua, na mimi, msichana wa kuchota maji.

Nimeanza na majina kwa sababu nyuso zote zilinijia kwa mpigo juzi, mjukuu wangu aliponiletea mkanda mpya wa ngozi hapa Nkuhungu nimshonee kishikizo. Niliponusa tu, nikawa nimerudi Mkonze, kijijini kwetu, mwaka ule mawingu yalipokuwa yakitupita kwenda kunyesha Ihumwa.

Mama alikuwa ameanika vitu vya ndani kwa ajili ya kunguni, na kati yavyo mfuko wa mahameli wa baba. Mlikuwa na picha ya mwanamke aliyejitanda kitambaa, na vijisanduku viwili vyeusi vya ngozi vyenye mikanda mirefu. Vilikuwa mali ya Sajini Davidi, Myahudi, aliyeuawa vitani. Baba aliahidi kuvitunza mpaka apatikane mama yake, yule wa kwenye picha. Mama yangu alishangaa sana, maana alidhani Wayahudi wanaishi kwenye mahubiri tu.

Baba mkubwa alipita akaviona, akaenda kumwita Mzee Malogo. Mama aliwapa vigoda, hawakukaa. Kwetu anayekataa kigoda amekuja na neno.

"Ndahani, mdogo wangu," baba mkubwa alisema, "hirizi hii mwenyewe aliitumiaje?"

Baba hakujua kudanganya, hata pale uongo ungemfaa. "Alikuwa akijifunga kila asubuhi. Kimoja kichwani, kimoja mkononi."

"Mkono upi?"

"Wa kushoto, kaka."

Wazee wakatazamana. Kufunga. Mwaka wa ukame neno hilo halisemwi ovyo, kwa kuwa mvua nayo hufungwa, na anayedhaniwa kuifunga hufukuzwa kijijini pamoja na watoto wake wote. Baba mkubwa akaagiza kijinga cha moto avichome.

"Chilongani," bibi alisema, "ng'ombe wako walikufa kwa kiu mwenzio akiwa bado Burma. Mvua ya mwaka ule alikufungia nani?"

Mama akasimama mlangoni pa jiko, akauziba.

"Kama tatizo ni kufunga," baba alisema, "nitafungua mbele yenu."

Akakunja shati, akaanza kujizungushia mkanda mkono wa kushoto. Ukateleza. Akarudia, ukateleza tena, nami nikamwonea aibu, nikidhani anawaogopa wazee. Mwishowe ukashika, akauinua mkono wauone. Kisha akaanza kufungua, na hapo vidole havikukosea hata kidogo. Aliutoa polepole, mzunguko kwa mzunguko, kama mtu anayemvua nguo mtoto aliyelala, asije akamwamsha.

"Nimefungua. Mashahidi ni ninyi."

"Kilichofunguliwa hakichomwi," akasema Mzee Malogo, akavuta kigoda akakaa. Mama akampa uji. Mvua ilichelewa vilevile, na ilipokuja baba mkubwa alitembea kijiji kizima akidai ni kazi yake.

Mama yake Davidi hakupatikana kamwe. Baba alipougua mara ya mwisho ndipo aliponiambia: Davidi aliuawa asubuhi, akiwa amejifunga, anasali. Aliyeufungua mkanda ule kwenye mkono uliokwisha kupoa, kabla ya kumzika, alikuwa baba. Kufunga alikuwa akikuona tu, kwa mbali, mwenzake akisali. Kufungua ndiko alikokujua kwa mikono yake. Nilikuwa mama wa watoto wakubwa nilipoelewa kwamba siku ile uani hakuwa anawaogopa wazee, wala hakuwa nasi kabisa.

Shule sikusoma. Vidole vya baba niliviona mwenyewe, hilo sibishani na mtu. Lakini ninyi mnaowajua watu wa Davidi, kama si mkono ule, au kama hawafanyi hivyo asubuhi, nirekebisheni.